Bwawa la Kwa Kifusi Lapata Kamati

Mzee Elibariki alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni ya Kilutheri aliyokuja nayo kutoka Upareni, ya pili ni kwamba jambo lisilo na kamati halijaanza. Hii ya pili aliipata kazini, maana alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na aliishika kwa nguvu kuliko ile ya kwanza. Kanisani alikuwamo kwenye kamati ya ujenzi. Mtaani alikuwamo kwenye kamati ya ulinzi, ya barabara, ya misiba na ya harusi, hata harusi za watu ambao hakuwajua vizuri. Mkewe, Mama Godlisten, alikuwa akisema kwamba shati la mumewe likishika moto, mzee atauliza kwanza kama akidi imetimia.

Kitu kimoja tu Elibariki alikipenda bila kukiundia kamati, nacho ni bwawa lililokuwa nyuma ya nyumba yake.

Tusilipambe. Bwawa lenyewe lilikuwa shimo. Zamani Chamazi ilipoanza kujaa watu, malori yalikuja kuchimba kifusi cha kujengea barabara za wenzetu, yakachimba mpaka kifusi kikaisha, yakaondoka bila kuaga. Mvua ikalijaza shimo, watu wakapaita mahali pale Kwa Kifusi, na mtaa ukajengeka kulizunguka. Watu walitupa humo maganda, chupa na tairi moja la lori. Matete yakaota. Halafu, bila mtu kuwaalika, wakaja wakazi wengine: vyura, kambare, kereng'ende, yangeyange weupe wanaotembea kwa madaha, kwarara wenye sauti za kugombana, na kenge mmoja mnene aliyelifanya lile tairi kuwa baraza lake la kuotea jua.

Na mdiria. Huyu ndiye aliyemteka mzee. Ni ndege mdogo, mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya chungwa, aliyekuwa akitua kwenye tete moja lile lile, anainamisha kichwa na kuyakagua maji kama karani anayetafuta kosa la tarehe kwenye hati. Kisha huyo, chubwi, anaibuka na samaki. Kila asubuhi Elibariki alibeba kiti cha plastiki na kikombe chake cha chai, akakaa nyuma ya nyumba kumtazama. Tangu astaafu simu yake ilikuwa imenyamaza. Watu waliokuwa wakimsubiri koridoni asubuhi nzima na bahasha mikononi hawakumkumbuka tena. Lakini yule ndege alikuwa kazini kila siku, na kumtazama mtu aliye kazini kulimpa mzee raha ambayo hakuweza kumweleza mtu, hata mkewe. Alimpenda. Hilo ndilo neno, hakuna haja ya kulizunguka.

Basi fikiria hali yake siku Marselino alipokuja kubisha hodi.

Marselino alikuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye tabia ya kuleta habari mbaya huku akicheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kwa ile ishu ya dimbwi hapo nyuma kwako. Tunaimaliza. Kabla ya vuli tunaleta malori, tunalifukia. Mbu wamezidi, halafu vijana wanataka fremu za biashara na sehemu ya kuegesha boda."

 Elibariki alitafuta neno la kusema, akapata lile alilolizoea.

"Kamati gani imeamua?"

"Mie ndo nimeamua, mzee."

"Mle ndani kuna ndege, mwenyekiti."

"Ndege wataruka, mzee wangu. Ndo kazi yao."

Mtu mwingine angegomba au angelia. Elibariki alifikiri kama karani. Alijua kwamba Marselino haogopi mbu, haogopi wapiga kura, ila anamwogopa kiumbe mmoja tu katika nchi hii, naye ni mgeni rasmi. Siku ya Mazingira ilikuwa inakaribia, na ilishasemwa kwamba mkubwa mmoja kutoka juu atafika kata yao, atafute mahali pa kupanda mti na kuhutubia.

"Tumlete hapa," alisema mzee. "Akilisifia bwawa kwenye kipaza sauti, mbele ya watu, wewe utathubutu kulifukia?"

Marselino aliacha kucheka. Alitazama matete, akatazama angani, akapima.

"Akilisifia, kifusi nakipeleka kwingine. Asipolisifia, mzee, kesho yake malori yanaingia na usije kunilaumu."

Wakapeana mikono. Uhai wa bwawa ukawa mdomoni mwa mgeni. Na Elibariki, kwa sababu alikuwa Elibariki, alikwenda ndani akatafuta kalamu ili aitishe kikao.

*

Sasa ni lazima tuseme ukweli kuhusu sisi watu wa Dar. Kuna kitu kimoja tunajua kukiandaa, nacho ni harusi. Ukitupa msiba tutauandaa kama harusi yenye majonzi. Ukitupa mahafali ya chekechea, tutatafuta ukumbi. Kwa hiyo kamati ya bwawa ilipokaa uwani kwa Mzee Elibariki, haikuchukua muda kupata mwenyekiti, katibu, mhazini, mtu wa mapambo, mtu wa chakula, mtu wa itifaki na MC. Mwenyekiti alikuwa Elibariki mwenyewe. MC alikuwa Farhan, kijana aliyesherehesha kila shughuli ya pale mtaani na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kazi hiyo. Mapambo alipewa Bi Mwanaheri.

Bi Mwanaheri alikuwa mwenyeji wa kweli wa pale, Mzaramo, aliyezaliwa Kwa Kifusi ikiwa bado ni mikorosho, na sasa alikuwa mpambaji wa kumbi anayetafutwa mpaka Mbezi Luis. Aliwaangalia wenzake kwa huruma ya mtaalamu.

"Kwanza, rangi za shughuli ni zipi?"

"Kijani," alisema katibu. "Si mazingira?"

"Kijani? Majani kijani, nyasi kijani, na sie tuvae kijani? Hatuonekani hata kwenye picha. Baba Godi, niachieni mie. Tunaweka zambarau na fedha."

"Wanaoafiki?" aliuliza Elibariki. Mikono ikapanda. Wa kwake nao ukapanda, kwa mazoea.

Yakafuata mapendekezo, na kila pendekezo, ukilisikiliza peke yake, lilikuwa na akili. Mgeni atayaonaje maji wakati matete yameyaziba? Yafyekwe. Lile tairi ni aibu ya mtaa. Litolewe. Magugu yanayoelea yanaonesha kama vile hapana mwenyewe. Yazolewe. Mgeni akiumwa na mbu wakati anahutubia, ndiyo tumekwisha. Ipulizwe dawa. Na mawe ya ukingoni yapakwe chokaa, maana tangu lini mgeni rasmi akapita kwenye mawe yasiyo na chokaa? Kila mara Elibariki aligeuka kulitazama tete la mdiria, na kila mara aliuliza wanaoafiki, mikono ikapanda, na wa kwake ukapanda nayo. Kwa upande wa taratibu, kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote alivyowahi kuongoza.

Watu walipotawanyika, Mama Godlisten alikuwa anaokota vikombe vya chai.

"Matete mkiyafyeka, yule ndege wako atasimama wapi?"

"Tutamwekea kigingi."

"Mmemuuliza?"

"Hiyo haikuwa kwenye ajenda, mama."

Akabeba vikombe vyake akaingia ndani.

*

Usafi ulifanyika Jumamosi, na walijitokeza watu wengi kuliko waliojitokeza kwenye uchaguzi. Panga na mafyekeo yalifanya kazi. Matete yaling'olewa na mizizi yake, yakabebwa kwa toroli pamoja na magugu, yakaenda kutupwa kwenye msingi wa nyumba iliyoishia njiani, mbele kidogo, ambayo mwenyewe wengine walisema yuko Mwanza na wengine wakasema Omani. Tairi nalo lilivingirishwa huko huko. Kenge aliyekuwa juu yake alishuka kwa hasira, akavuka barabara, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wanapika wali wa kamati, na kwa muda kidogo kamati ya chakula yote ilikuwa juu ya viti. Kwarara waliruka juu, wakazunguka wakitukana kwa lugha yao, wakaenda zao. Yangeyange hawakusema kitu, waliondoka tu.

Mzee alijiambia kwamba watarudi kelele zikiisha.

Asubuhi yake alibeba kiti na chai kama kawaida. Bwawa lilikuwa limelala pale jeupe, tupu, kama kichwa kilichonyolewa. Mawe yaling'aa kwa chokaa. Katikati ya maji kulikuwa na kigingi kizuri, kimepakwa rangi ya zambarau kwa sababu ndiyo rangi iliyopitishwa. Juu ya kigingi hapakuwa na mtu. Elibariki alingoja mpaka chai ikaota utando. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna chura aliyelia, hakuna kereng'ende. Mbu pia hawakuwepo, hilo tuwape haki yao. Mzee aliumia, akaona haya kuumia, maana kila kilichofanyika kilikuwa kimepitishwa na yeye mwenyewe.

Aliitisha kikao cha dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema, na sauti yake haikuwa sawa, "mgeni anakuja kuangalia viumbe hai. Viumbe hai hawapo."

"Sasa hiyo nayo ishu?" alisema Bi Mwanaheri. "Si tunaleta."

Ikaundwa kamati ndogo ya viumbe hai. Ilikwenda kwa Mwishehe, jirani anayefuga bata kwa ajili ya sikukuu, ikarudi na bata kadhaa wa kuazima. Wasije wakatoka majini na kurudi kwao katikati ya hotuba, kila mmoja alifungwa kamba mguuni na upande wa pili wa kamba ukafungwa kwenye tofali lililozamishwa. Bi Mwanaheri aliwavalisha tai za zambarau shingoni. Kisha akaleta kutoka stoo kwake mabata maringo mawili ya povu, shingo ndefu zilizopinda zikakutana kwa umbo la kopa, yale ambayo huwekwa mbele ya meza ya maharusi. Yakaelea vizuri sana. Elibariki aliyatazama, akataka kusema kitu, lakini hakukuwa na mtu aliyekuwa na shaka isipokuwa yeye, na kura moja haibadilishi azimio.

*

Mgeni rasmi hakuja. Alipata udhuru, akatuma mwakilishi, na mwakilishi alitakiwa kufika asubuhi akafika jua likiwa limeshaanza kuelemea upande wa magharibi. Watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai tangu asubuhi, sare zao za zambarau zimelowa jasho. Farhan alikuwa amewapigia singeli kwa spika kubwa kama makabati, na kila ngoma ilipokolea bata walijaribu kukimbia, kamba ikawavuta, wakabaki wanazunguka matofali yao.

Mwakilishi alikuwa mama mmoja wa heshima, mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu aliyeshapanda miti mingi mwaka huo. Alipanda wa kwake, akanawa mikono, akaketi. Elibariki akaitwa kusoma risala.

Aliiandika mwenyewe, kabla ya usafi, akiwa bado na furaha. Alisoma habari za shimo lililogeuka makazi. Alisoma habari za vyura na kambare. Alipofika kwenye mdiria sauti yake ilipata uhai. Alieleza anavyotua, anavyoinamisha kichwa, anavyopiga mbizi. Watu waliacha kujipepea. Hata Marselino, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akimkodolea macho mwakilishi, aligeuka kumtazama mzee.

Mwakilishi alishusha miwani yake.

"Yuko wapi huyo ndege, mzee wangu? Ningependa nimwone."

Elibariki alitazama kigingi. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa yamefika kooni: tumemfukuza, mheshimiwa, tumemfukuza kwa ajili yako. Alivuta pumzi ili ayaseme, na kweli angeyasema, lakini MC ni MC, na ukimya jukwaani kwake ni kama moto kwenye nyumba ya makuti.

"Mheshimiwa," alidakia Farhan, "amekwenda kuwaita wenzake waje wapige picha na wewe."

Watu wakacheka, spika zikapigwa, na mwakilishi naye akacheka. Nafasi ikapita. Mzee aliikunja risala yake akarudi kukaa.

Mwakilishi alisimama. Marselino akajisogeza ukingoni mwa kiti, na Elibariki akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Nimezunguka sana," alisema yule mama. "Nimeoneshwa mabwawa mengi. Mengine ni matope matupu, majani yamejaa, vyura wanapiga kelele huwezi hata kuhutubia. Nyie hapa mmenishangaza. Hili ni safi. Hili linapendeza. Naomba bwawa hili lisiguswe na mtu, liwe mfano kwa kata nyingine."

Makofi yalipigwa, vigelegele vikapaa, na Marselino alikuwa wa kwanza kusimama. Elibariki alifumba macho. Limepona, alijiambia. Limepona.

"Na ningeshauri," aliendelea mwakilishi, "msiishie hapa. Pigeni zege ukingoni, wekeni taa za rangi, wekeni mtambo wa kurusha maji juu. Pale pakipigwa sakafu, hapa ni ukumbi tosha. Vijana wetu waache kuhangaika kutafuta mahali pa kufanyia harusi."

Shangwe za hapo, nakwambia, hata uwanja wa mpira wa Chamazi hauzisikii mara nyingi. Bi Mwanaheri alikuwa analia kwa furaha.

*

Marselino alitimiza ahadi, hilo halina ubishi. Malori ya kifusi yalipelekwa kwingine. Zege lilimwagwa, taa zikafungwa, maji yakarushwa juu, na kila Jumamosi bibi harusi mmoja alipigwa picha mbele ya mabata ya povu. Elibariki aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa heshima wa ukumbi. Watu walianza tena kumpigia simu, kumwomba awasaidie kupata nafasi ya Desemba. Bi Mwanaheri akikutana naye njiani alimwombea dua.

"Baba Godi, umetuokoa. Lile shimo bila wewe lingekuwa fremu za kuuza simu."

"Tumshukuru Mungu," alijibu mzee, na akapita.

Alikuwa ameshinda, na hakuwahi kushindwa vibaya namna ile maishani mwake. Kiti cha plastiki alikirudisha sebuleni. Chai alikunywa ameangalia ukuta.

Masika ya mwaka uliofuata yalipokatika, asubuhi moja alitoka kunyoosha miguu. Alipita nyuma ya mitaa, akipakwepa pale ukumbini, na alipokaribia ile nyumba iliyoishia njiani alisikia watu wanagombana. Alisimama. Hawakuwa watu. Walikuwa kwarara.

Alichungulia juu ya ukuta wa msingi. Mvua ilikuwa imevijaza vyumba vyote vya ile nyumba. Sebule ya yule mtu wa Mwanza au Omani ilikuwa imejaa matete, yale yale waliyoyang'oa na kuyatupa na mizizi yake, yameshika udongo na kurefuka. Chumbani kulikuwa na vyura. Jikoni kulikuwa na tairi la lori, na juu ya tairi alikaa kenge, mnene kuliko zamani. Na kwenye nondo moja yenye kutu iliyochomoza pembeni, mgongo wa buluu, kichwa kimeinama, mtu alikuwa kazini.

Elibariki alishika ukuta. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mzee, shikamoo. Kulikoni huku?"

Marselino. Alikuwa anapita na Bi Mwanaheri, wanakwenda kuangalia mahali pa kuongezea maegesho ya wageni wa harusi. Elibariki aligeuka haraka, akauweka mgongo wake kwenye ukuta.

"Marahaba. Nanyoosha miguu."

"Humo ndani mna nini? Nimesikia ndege."

Hapo ndipo mzee alipoyaona mashimo mawili aliyosimama katikati yake. Akisema mna ndege, Bi Mwanaheri atauliza rangi za shughuli. Akisema hamna kitu, ni maji machafu na mbu, Marselino ataleta kifusi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, watu wema wote wawili, wapenda maendeleo.

"Sogeeni huku, msikanyage hapo," alisema kwa sauti ya kazini, ambayo hakuwa ameitumia tangu astaafu. "Kiwanja hiki kina kesi."

Marselino aliondoa mguu wake kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Kesi? Ya nani?"

"Ndugu. Wa baba mmoja, mama tofauti. Mie nilikuwa karani, naijua. Haijaanza hata kusikilizwa."

"Eeh," alisema Bi Mwanaheri, akirudi nyuma. "Ndugu wa mama tofauti? Hapo hapagusiki mpaka wajukuu wazeeke."

"Mie nisingependa jina la mtaa liitwe mahakamani," alisema Marselino. "Twendeni tu."

Wakaondoka kwa hatua za haraka. Ulikuwa uongo mtupu, na Elibariki, mzee wa kanisa, alingoja dhamiri imsute. Haikumsuta.

Jioni ile alikwenda stoo, akachukua kopo la rangi ya zambarau iliyobaki walipopaka kigingi, akarudi na brashi. Aliandika kwa herufi kubwa, upande unaotazama barabara: KIWANJA HIKI KINA KESI. USIGUSE. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kikarani. Kesho yake alitoa kiti cha plastiki sebuleni, akakibeba mpaka nyuma ya ule ukuta.

Alikuwa hajamaliza chai Mama Godlisten alipomfuata, naye amebeba kikombe chake. Alisoma maandishi. Alichungulia ndani, akamwona ndege kwenye nondo, akamgeukia mumewe.

"Kikao gani kimepitisha hii?"

"Hakikukaa," alisema mzee, akanyanyuka ili mkewe apate kiti.